Sataranji katika Mwaka wa Mtihani

Tarehe mosi ya kila mwezi Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, hutoa orodha mpya ya viwango vya wachezaji, yaani namba zinazopima uwezo wao, na kwa muda mrefu hiyo ilikuwa siku niliyoingoja kwa hamu kuliko sikukuu. Kuanzia katikati ya mwaka jana nilianza kuichukia. Kila nilipofungua orodha nilijikuta chini ya nilipokuwa mwezi uliotangulia, na kila niliposhuka, mamangu alipata nafasi ya kuniuliza kile kitabu cha kemia kimenikosea nini hata sikifungui. Sasa ni Agosti 2025, shule zimefungwa, mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya upili Kenya, unanikabili mwishoni mwa mwaka, na kiwango changu kimeanza kupanda tena. Nayaandika haya wakati bado nayakumbuka sawasawa.

Nianze na namba zenyewe, kwa kuwa nusu ya huzuni ilitoka humo. Mwezi wa Machi 2024 FIDE ilipandisha kiwango cha chini kabisa kutoka 1000 hadi 1400, na wachezaji waliokuwa chini ya 2000 wakaongezewa, kwa mara moja tu, asilimia 40 ya tofauti iliyokuwapo kati ya viwango vyao na 2000. Mimi nilikuwa na 1412. Nikalala, nikaamka nina 1647 bila kusogeza kete hata moja. Mjomba, ambaye mchezo wake ni keram na hajui farasi huendaje, alikuja na halua nyumbani, akawaambia jirani zetu kwamba mtoto wa dada yake amepanda ghafla. Nilimweleza kwamba karibu kila mtu amepanda. Hakutaka kusikia, na halua ililiwa.

Namba ile ilikuwa na deni ndani yake. Fomula ya viwango ni ya Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, na FIDE inaitumia tangu 1970. Ndani yake mna kipeo cha kumi, hesabu ambayo mtu aliyesoma logi za kidato cha tatu anaiweza kabisa, na usiku mmoja nikaikokotoa nyuma ya daftari la hesabu. Mchezaji aliyekuwa na 1800 alinizidi zamani kwa pointi 388, na kushindwa naye kulinigharimu takriban pointi nne, kwa sababu hakuna aliyetarajia nimshinde. Baada ya Machi yeye akawa 1880 nami 1647. Tofauti ikapungua hadi 233, na kushindwa naye kukaniondolea pointi nane. Tena sisi tulio chini ya miaka 18 huhesabiwa kwa kizidishio cha 40 hadi tufike 2300, kwa hiyo mchezaji wa kiwango chako akikushinda unapoteza 20, na wikendi moja mbaya ya michezo mitano yaweza kukuondolea 100. Hesabu hiyo ilinipoza moyo kidogo, kwani ilieleza sehemu ya kushuka kwangu. Haikueleza ni kwa nini nilikuwa nikishindwa na watu niliowashinda mwaka uliopita.

Kwa wasioijua Mombasa, niseme siku yangu ilivyo. Naishi Likoni na shule yangu iko kisiwani, kwa hiyo huamka saa kumi na nusu alfajiri ili niwahi feri kabla ya msongamano, na baada ya masomo ya jioni hufika nyumbani saa mbili usiku au baadaye. Mashindano mengi yenye hadhi huchezwa Nairobi. Ukicheza hadi Jumapili jioni, unapanda treni ya usiku, unashuka Miritini kabla ya alfajiri, na darasani Jumatatu unakaa kama mzigo uliosahaulika. Walimu wengine walinihurumia, wengine waliniuliza mbele ya darasa kama sataranji ina karatasi ya pili na ya tatu katika KCSE. Nikaona njia ni mbili tu: ama niache kucheza hadi mtihani upite, ama nikubali alama mbovu shuleni. Nilishikilia kwamba shule ndiyo inayoniangusha, kwa sababu inanilia muda ambao wenzangu wa Nairobi wanautumia na makocha wao.

Katika fikira hiyo Gukesh Dommaraju, kijana wa India, hakunisaidia. Novemba 2024, likizo ndefu ilipoanza, nilifuatilia mechi yake ya ubingwa wa dunia na bingwa Ding Liren wa China huko Singapore, ambayo kwa saa zetu ilianza saa sita mchana, wakati nyumba yetu inanukia wali wa nazi. Gukesh alikuwa na miaka 18, na inajulikana kwamba aliacha shule ya kawaida baada ya darasa la nne ili acheze. Nilimsimulia mamangu jambo hilo kwa uangalifu mkubwa, nikiwa na matumaini fulani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wa Bara Hindi ni wa Bara Hindi. Wewe nenda kanioshee sufuria."

Aliyenigusa zaidi ni Ding. Alitwaa ubingwa Aprili 2023 huko Astana, halafu akapotea uwanjani kwa miezi mingi, na aliporudi alisema waziwazi kwamba alisumbuliwa na unyong'onyevu na kukosa usingizi. Alikwenda Singapore akiwa hajashinda mchezo wa muda mrefu tangu Januari 2024, na watu walimwandikia kana kwamba ameshazikwa. Mchezo wa kwanza, tarehe 25 Novemba, akiwa na kete nyeusi, alicheza Ulinzi wa Kifaransa na akashinda. Baadaye Gukesh akashinda mchezo wa tatu na wa 11, Ding akashinda wa 12, mingine ikawa sare, wakafika wakiwa sawa mchezo wa 14 na wa mwisho, tarehe 12 Desemba, ambapo palibaki ngome moja na askofu mmoja kila upande, Gukesh akiwa na kitunda, ile kete ndogo kabisa, kimoja zaidi. Ding alihitaji kuvumilia tu. Badala yake aliisogeza ngome mahali palipomruhusu mpinzani kubadilishana kete zote, vikabaki vitunda na wafalme, na ubingwa ukaondoka. Wachambuzi walizungumza siku nyingi juu ya hatua ile moja. Mimi nilibaki nikiuwaza uchovu, na jinsi mtu anayejua jibu anavyoweza kutamani tu mchezo uishe.

Wiki hiyohiyo nilizitoa karatasi zangu za mashindano kwenye bahasha, nikazipanga juu ya mkeka. Katika mchezo wenye nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, kanuni hukulazimisha kuandika hatua zote hata ukibakiwa na muda mchache, na huruhusiwa kuandika pembeni dakika zilizobaki kwenye saa. Mimi nimezoea kuandika dakika hizo tangu nianze, bila kuzitazama tena baadaye. Safari hii niliacha kete, nikasoma saa pekee. Kwenye karatasi za 2023, kufikia hatua ya 20 nilikuwa bado na zaidi ya nusu ya dakika zangu 90. Kwenye zile za kushuka, hatua ya 20 ilinikuta na dakika saba, tano, mahali pengine mbili, na kuanzia hapo mwandiko wangu ulikuwa wa mtu anayeandika ndani ya matatu la Diani. Michezo mingi niliyopoteza nilikuwa sawa na mpinzani au mbele yake wakati dakika zilipokwisha. Hakuna ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo, ulioniangusha, na masomo ya shule hayakuwa na hatia kwa namna niliyoyashtaki.

Dakika zilikuwa zikienda wapi? Nyingi ziliishia katika Ulinzi wa Sisilia wa namna ya Najdorf, ambao nilikuwa nimeuhamia kwa sababu mabingwa niliowatazama kwenye intaneti waliucheza, na ambao ulinipa nafasi zisizoeleweka mapema, nikalazimika kufikiri kila hatua upya. Nyingine zilikwenda katika kuhakikisha. Nilikuwa nikiona hatua nzuri, naikagua, naikagua tena, kisha naitilia shaka kwa sababu pointi 20 zilikuwa zinanitazama. Mtu aliyelala kwa saa nne tu kwa kuwa alikuwa akicheza michezo ya dakika tatu kwenye simu kitandani haamini macho yake mwenyewe, na hiyo michezo ya simu niliiita mazoezi.

Mlezi wa chama chetu cha sataranji ndiye mwalimu wetu wa hesabu, na yeye hajui sana mchezo wenyewe. Hupanga saa na kufunga kabati. Nilimwonyesha karatasi zile Januari. Alizitazama kwa muda, akasema hiki ndicho kisa cha watahiniwa wake wote. Karatasi ya kwanza ya hesabu ya KCSE ni saa mbili na nusu kwa alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa alama. Anayekaa dakika kumi na swali la alama tatu amelilipa zaidi ya thamani yake, hata akilipata. Sehemu ya pili ina maswali manane na unachagua matano, na anayeyasoma yote manane kwa kutetemeka kabla ya kuanza huwa ameshapoteza moja. "Sasa niambie," akasema, "hatua ya 12 katika mchezo wako ni ya alama ngapi?" Sikuwa na jibu, lakini tangu siku hiyo naingia uwanjani nikiwa na bajeti: kufikia hatua ya 15 niwe na dakika 65, kufikia ya 30 niwe na dakika 30. Bajeti huvunjika, kama zote. Walau najua imevunjikia wapi.

Nikarudi kwenye Caro-Kann, ulinzi niliofundishwa mwanzo na kuuona wa wazee. Unanipa nafasi ninazozijua, na nazicheza haraka.

Kilichonishangaza zaidi ni feri. Nilikuwa nikilalamika kwamba sina muda, ilhali kila siku nasimama katika foleni ya Likoni na kuvuka nikiwa sina la kufanya. Nina ubao mdogo wa sumaku unaoingia katika mfuko wa shati la shule, na humo nikaanza kujifunza miisho ya mchezo yenye ngome, ambayo ndiyo iliyoniangusha nilipobakiwa na dakika mbili. Uzuri wa miisho hiyo ni kwamba nafasi za lazima ni chache na zikiingia hazitoki. Nafasi inayoitwa ya Lucena, kwa mfano: kitunda chako kiko mstari wa saba, mfalme wako amekwama mbele yake katika mstari wa nane, ngome ya mpinzani inamzuia kutoka upande mmoja, na ngome yako inamzuia mfalme wake upande wa pili. Unaipandisha ngome yako hadi mstari wa nne, kisha unamtoa mfalme, na mpinzani akianza kumtisha kutoka nyuma, unamsogeza taratibu mpaka ngome iliyo mstari wa nne iingie katikati na kumkinga. Kitunda kinakuwa malkia. (Nafasi hiyo haimo kabisa katika kitabu cha Lucena cha 1497, ilionekana kwanza katika kitabu cha Salvio cha 1634. Salvio hakupata chochote.) Nimeirudia nikiwa nimebanwa kati ya mkokoteni wa nazi na watu wanaowahi kazini, hadi vidole vyangu vikaijua.

Ilinitokea kweli wakati wa Pasaka, huko Nairobi, katika mzunguko wa mwisho. Mpinzani wangu alikuwa mtu mzima aliyenizidi karibu pointi 200, na kwa hesabu ya Elo nilitarajiwa kupata robo tu ya mchezo. Tulifika kwenye ngome na vitunda, kila mmoja amechoka, nami nikiwa na dakika 14. Nilipoona kitunda changu cha upande wa mfalme kinaweza kufika mstari wa saba, sikukokotoa kitu. Ngome ilikwenda mstari wa nne. Mpinzani aliitazama kwa muda, akatabasamu, akanipa mkono.

Siku hizi simu hulala sebuleni saa tatu na nusu, kwa mkataba kati yangu na mamangu: yeye haulizi habari za kemia Jumamosi hadi adhuhuri, na mimi situmii neno mazoezi kwa mchezo wa dakika tatu. Chama cha shule kimepungua, kwani mwaka huu shule za upili hazina kidato cha kwanza kutokana na mtaala mpya, na kidato cha pili ndio wadogo tulio nao. Nacheza nao Ijumaa, na kuwafundisha kunanirejesha katika mambo niliyodhani nayajua. Alama zangu za hesabu zimepanda pia, ingawa kemia bado inanidai.

Muhula wa tatu una mashindano Nairobi ambayo nilikuwa nimeyawekea alama kwenye kalenda tangu Januari. Yanaangukia katika wiki za majaribio ya maabara, na kurudi kwa treni ya usiku katika wiki hizo sioni faida yake, kwa hiyo nimeamua kutokwenda. Nitacheza tena Desemba. Nilipomwambia mamangu, aliweka mwiko chini, akanigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, akauliza kama nina homa.