Uria alilala mlangoni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, poleni na mvua na foleni. Neno la wiki hii liko 2 Samweli 11, na najua ukishaiona tu hiyo sura akili inaruka moja kwa moja kwa Daudi na Bathsheba, hayo tumehubiriwa mpaka watoto wa sande skuli wanayajua, leo naomba tukae na Uria, yule mume wa Bathsheba. Soma mstari wa 6 mpaka 13. Uria ameitwa kutoka vitani, amefika Yerusalemu, mfalme anamwambia shuka nyumbani kwako ukanawe miguu, tena anamsindikizia na zawadi, mke yupo, nyumba ipo, na yeye anaenda kulala mlangoni kwa mfalme pamoja na watumishi. Akiulizwa anasema wenzangu wanalala nje huko, mimi naendaje kula na kunywa na kulala na mke wangu. Kesho yake analeweshwa kabisa na bado haendi.

Tumezoea kusema huo ni uaminifu wa askari na sibishi. Ila mimi kila nikisoma naona pia mtu ambaye mwili umefika na kichwa bado kiko Raba, kule vitani. Na kinachoniuma zaidi, Bathsheba hakuna anayemuuliza chochote, mume yuko mji huo huo, usiku wa kwanza hakuja, wa pili hakuja.

Akina Uria hapa Dar tunao. Vijana wetu wa JWTZ walianza kwenda Kongo 2013 kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Waafrika Kusini na Wamalawi, na Desemba 2017 pale Semuliki tulipoteza askari wasiopungua 14 kwenye shambulio moja. Waliokufa tuliwaombea. Waliorudi wazima tuliwafanyia nini? Tulichinja, tukapiga picha, tukasema Mungu mkubwa, kesho yake tukawauliza harusi lini.

Kuna kaka na dada tunasali nao, wameniruhusu niseme bila majina. Walikuwa wachumba, barua imeshapelekwa, mahari nusu imeshatolewa, kaka akaenda misheni ya Kongo. Aliporudi hakuwa yule. Halali, akipata usingizi anapiga kelele, daladala ikijaa anashuka kabla ya kituo chake, siku moja bodaboda ikatoa mlio kama risasi akajitupa chini pale Buguruni watu wakacheka. (Ndugu zangu wa Mbagala mliokuwepo mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka 2009 na wa Gongo la Mboto 2011 hamkucheka, nyie mnajua, wengine wenu mpaka leo transfoma ikilipuka mnahesabu watoto.) Dada akaambiwa na wakubwa aombe, akaomba, akafunga, kaka akawa hapokei simu, mwisho dada akarudisha pete na mshenga akaitwa kumaliza mambo. Kuna watu walimsema sana yule dada. Mimi siwezi.

Kaka akahamia Chanika peke yake, na mbwa koko mmoja wa mtaani akaanza kulala barazani kwake. Kilichowakutanisha tena ni msiba, mama wa kaka alifariki na dada akaja na kina mama wa kanisa kulala matanga. Usiku kaka akaanza kuweweseka, na dada akamwona mbwa anavyofanya, hamrukii wala hamgusi, anakaa hatua chache, anabweka mara moja, anangoja, anabweka tena, mpaka kaka afungue macho ajue yuko wapi ndio anasogea kumlalia miguuni. Dada akaniambia, "Mimi nilikuwa namtikisa bega namwambia amka kwa jina la Yesu, na alikuwa anaamka anapigana."

Huko nje jambo hili lina shule kabisa. Ujerumani mwaka 1916, vita ya kwanza ya dunia ikiwa inaendelea, walifungua shule mji wa Oldenburg ya kufundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Marekani mwaka 2021 wakapitisha sheria ya kuanza kwa majaribio mpango wa maveterani wenye kiwewe kufundisha mbwa wa msaada kama sehemu ya tiba yao. Mbwa hao wanafundishwa kumwamsha mtu kwenye ndoto mbaya, kusimama nyuma yake kwenye foleni asihisi kuna mtu anamjia kisogoni, kumwegemea akianza kutetemeka. Yule wa Chanika hajasoma popote. Na siwatumi mkaokote mbwa barabarani, wa kaka amechanjwa kichaa cha mbwa, na kaka mwenyewe anahudhuria kliniki ya afya ya akili na dawa anameza, mbwa hatibu.

Najua wengine mmeshakunja uso, mbwa tena kwenye tafakari! Paulo kasema Wafilipi 3:2 jihadharini na mbwa, na sisi tumeenda kuandika kwenye mageti. Lakini Luka 16, Lazaro yuko mlangoni kwa tajiri ana vidonda, tajiri yuko ndani anakula, mbwa ndio wanakuja kumlamba. Wapo wanaofundisha kwamba hiyo ni aibu juu ya aibu, mimi naona hao ndio waliomsogelea. Na ndugu zetu Wakatoliki wana kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anasafiri na malaika Rafaeli na mbwa anawafuata, kwenda na kurudi.

Sasa twende Hesabu 31:19. Askari wametoka vitani na wanaambiwa wakae nje ya kambi siku saba kabla ya kuingia. Najua pale ni habari ya unajisi, na sura yenyewe ni ngumu kuisoma, ila ona kwamba sheria haikumruhusu mtu atoke kwenye damu aingie sebuleni jioni ile ile, ilimpa mahali pa katikati. Kumbukumbu la Torati 20:7 ndio kabisa, mwenye mchumba ambaye hajamwoa bado arudishwe nyumbani asije akafa vitani mwingine akamwoa. Mungu aliwawaza wachumba wa askari mapema kuliko kamati zetu.

Hawa wawili mahali pao pa katikati palikuwa ile baraza. Jumamosi dada anapanda gari la Chanika, wanakaa nje mbwa akiwa katikati yao, jua likianza kuzama anaondoka. Habari za Kongo haulizi. Ikaenda hivyo miezi na miezi, na siku kaka alipoanza kusimulia mwenyewe alikuwa anamsimulia mbwa, dada yuko pembeni anachambua mchicha, hakuinua hata kichwa. Ufunuo 3:20 Yesu naye amesimama mlangoni anabisha hodi, yule ambaye angeweza kuingia bila kuuliza.

Ila dada yangu unayepigwa ndani, usije ukaambiwa na mtu kwamba tafakari hii inakurudisha. Toka kwanza, uwe salama, yeye atafutiwe msaada wewe ukiwa mbali. Huyu dada alikuwa ana kwao pa kurudi kila jioni, na hilo lilisaidia kuliko maombi yetu mengi.

Tuwaombee, tangazo la ndoa linasomwa mara ya kwanza Jumapili. Mshenga ni yule yule, kamati imeshaanza kusumbua watu michango. Kaka ameomba mambo mawili tu, pasiwe na fataki, na matarumbeta yasipigwe karibu na gari lake. MC kanung'unika, mweka hazina kafurahi maana bajeti imeshuka, na suala la mbwa kuingia kwenye picha bado liko mezani kwa mama mchungaji.