Ranthambore: chui milia kwenye baraza la mfalme

Ngome ya Ranthambore imejengwa juu ya mlima wa mawe katikati ya msitu, na chini yake kuna maziwa ambako chui milia huja kunywa maji. Mdogo wangu anasoma Jaipur, India, kwa hiyo Januari nilipokwenda kumwona tulipanda treni hadi Sawai Madhopur, mwendo wa kama saa mbili tu.

Alfajiri tuliingia hifadhini kwa kanta, lori dogo la wazi lenye viti. Baridi ya huko si mchezo! Sisi watu wa Tabora tulijifunika blanketi hadi puani. Tukiwa karibu na ziwa la Rajbagh, sambar mmoja, mnyama wa jamii ya kulungu, akalia kwa nguvu. Dereva akazima injini. Kiongozi wetu akatuonyesha magofu yaliyo ukingoni mwa maji, na pale barazani, chini ya tao la mawe, alikuwa amejilaza chui milia jike. Mguu wake mmoja wa mbele ulikuwa unaning'inia nje ya jiwe. Alipogeuza kichwa nikaona kitu ambacho sikuwahi kukigundua kwenye picha: nyuma ya kila sikio, katikati ya weusi, kuna doa jeupe la mviringo. Hakutujali hata kidogo. Baraza ni lake sasa.

Zamani wafalme wa Jaipur walikuja hapa kuwinda. Hata mwaka 1961, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipozuru, mumewe Philip alimpiga risasi chui milia katika msitu huu. Ilipofika 1973 India ilianzisha mpango wa kuwaokoa, na Ranthambore ikawa kati ya hifadhi tisa za mwanzo. Vijiji vilivyokuwa ndani vikahamishwa. Nilipomsimulia hayo shangazi yangu, ambaye alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka hiyo hiyo ya sabini, aliuliza jambo moja tu: "Na makaburi yao, mwanangu, waliyaachia nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ngomeni tulipanda kwa miguu, ngazi juu ya ngazi, kima wenye uso mweusi wakituangalia kutoka ukutani. Nilitarajia magofu yaliyokufa. Kumbe kuna hekalu la Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, na waumini walikuwa wengi kuliko watalii. Familia inayoozesha mtoto hutuma kadi yake ya mwaliko hapa kwanza, kwa posta, na kuhani humsomea Ganesh. Nilisimama nikatazama kadi hizo zilivyorundikana, nyekundu na dhahabu, zimetoka miji ya mbali.

Kilichonigusa zaidi ni habari za Hammir, mtawala wa ngome hii. Mwaka 1301 Sultani Alauddin Khalji wa Delhi aliizingira. Njia zote zilipofungwa, wanawake waliingia motoni, naye Hammir akatoka nje kupigana hadi kufa. Kiongozi wetu alisimulia kwa sauti ya mtu anayezungumzia babu yake mzaa baba, akigusa ukuta kila mara.

Nikamkumbuka Mtemi Isike. Januari 1893, Wajerumani walipovunja boma lake hapa kwetu Unyanyembe, alilipua ghala la baruti akiwa ndani ili wasimkamate akiwa hai. Mgeni akija Tabora tunampeleka Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, na ni sawa, milango yake ya nakshi inastahili kuonwa. Lakini Isike naye anastahili msimulizi wa kusimama juu ya udongo wenyewe, akasema: hapa ndipo. Tena sisi pia tuna pori, Ugalla, ambalo tangu 2019 ni hifadhi ya taifa. Mgeni angeweza kupata vyote viwili katika safari moja, na mwanafunzi wa sekondari wa hapa hapa angeweza pia.

Wanaotaka kwenda Ranthambore: sehemu kuu ya hifadhi hufungwa wakati wa masika yao, Julai hadi Septemba. Tiketi ya kanta ikatwe mapema, na pasipoti uwe nayo mkononi langoni. Ngomeni hakuhitaji kanta. Nendeni asubuhi, kabla jua halijapasha mawe, na chakula kisionekane mkononi. Wale kima hawaombi.