Jinsi nilivyotatua tatizo la picha za jioni zilizotikisika

Kwa miezi kadhaa, kila picha niliyopiga machweo kando ya Ziwa Victoria, Kirumba jijini Mwanza, wakati mitumbwi ya wavuvi wa dagaa inapoondoka na taa zake, ilitoka imetikisika na isiyo wazi, nami nilizifuta zote kabla sijafika nyumbani.

Nilijaribu flashi, ikamulika maji ya karibu tu na kuliacha ziwa jeusi. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, hadi 6400 kwa kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea nuru) ya 1/125 ya sekunde, picha ikajaa chembechembe. Stendi ya miguu mitatu iliituliza kamera, lakini haikuutuliza mtumbwi.

Kilichofaa hatimaye ni kuacha kushindana na mwendo. Niliteremsha kasi ya shata hadi 1/15, nikarudisha ISO 800, ambayo kwa hesabu ya nuru ni sawasawa, kisha nikaanza kuufuata mtumbwi kwa kamera kabla ya kubonyeza. Jambo dogo lililoleta tofauti, ambalo lilinichukua jioni nyingi kuligundua, ni kutosimama baada ya kubonyeza: kiuno kiendelee kugeuka taratibu mpaka mtumbwi upite, kwa sababu mwili ukisita, hata kidogo, mtumbwi wenyewe huvurugika pamoja na mandhari. Ukiendelea, mtumbwi hutambulika, huku mawe na taa za ng'ambo zikigeuka michirizi.

Uso wa mpiga kasia bado haueleweki mara nyingi, nami sizifuti tena picha papo hapo, huzitazama asubuhi. Ile niliyoitundika sebuleni imeinama upande wa kushoto.