Sikuwa daktari, nikaingia kwenye utafiti wa sera za afya

Nilipomaliza stashahada pale Chuo cha Maendeleo ya Jamii Uyole, nilipata kibarua cha kukusanya takwimu za malaria Mbarali, kulekule nilikozaliwa. Mwaka uliofuata nikaomba nafasi ya mtafiti mdogo wa sera kwenye ofisi moja Mbeya mjini. Kwenye usaili, mzee mmoja alifunga faili langu taratibu akasema, "Mwanangu, kazi hii ni ya madaktari." Nilipanda daladala la Uyole nimekumbatia bahasha ya vyeti, na usiku ule sikula.

Jioni zilizofuata nikaanza kutafuta: wakubwa wa kazi hii walitokea wapi?

Profesa Wen Kilama, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, alikuwa mtaalamu wa mbu. Margaret Chan, aliyeongoza Shirika la Afya Duniani kuanzia 2007 hadi 2017, alisomea maarifa ya nyumbani kabla ya kwenda kusomea udaktari. Marehemu Faustine Ndugulile wetu, aliyechaguliwa kuongoza shirika hilo kanda ya Afrika, alikuwa daktari, lakini alisomea pia sheria.

Aliyenikamata hasa ni Tedros Adhanom Ghebreyesus. Shahada yake ya kwanza, ya mwaka 1986 pale Asmara, ni ya biolojia, na alipochaguliwa mwaka 2017 akawa mkuu wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani asiye daktari wa tiba. Zamani, akiwa mtafiti Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, yeye na wenzake walikuta watoto wanaoishi karibu na mabwawa madogo ya umwagiliaji wanaugua malaria mara 7 kuliko wanaoishi mbali. Mstari huo niliurudia mara tatu. Mimi nimekua kando ya majaruba ya mpunga. Swali lile la maji na mbu lilikuwa la kwetu!

Nikarudi kwenye madodoso yangu ya Mbarali. Tulikuwa tumeuliza: kaya ina vyandarua vingapi? Majibu yalikuwa mazuri, vyandarua vipo, lakini zahanati ilijaa watoto wenye homa kila mpunga unapokaribia kuvunwa. Mama mmoja nilimkumbuka vizuri. Chandarua chake cha bluu kilining'inia juu ya kitanda kilichotandikwa, safi, hakina hata alama ya kuguswa. Nilikiandika "kipo" nikapita. Kumbe msimu ule mama na watoto walikuwa wanalala shambani, kwenye kibanda cha nyasi, ili alfajiri wawahi kuamia ndege wasile mpunga. Mtoto wa Mbarali analijua hilo bila kuambiwa, na mimi nilikuwa nimelisahau kwa sababu halikuwa na kisanduku kwenye fomu.

Niliandika ukurasa mmoja tu. Hali ilivyo, sababu, na ombi moja: kampeni ya vyandarua iwafuate watu mashambani msimu wa kuamia. Nikampelekea mganga mkuu wa wilaya. Alinipigia simu mwenyewe, akataka niwasomee wenzake kwenye kikao.

Masomo yalifuata, na yalikuwa magumu: sosholojia kwa njia ya masafa, kisha uzamili wa afya ya jamii. Hesabu za takwimu nilifundishwa na kaka mmoja, karani wa ofisi, kila Jumamosi, naye hakunidai hata nauli. Bila yeye nisingefika. Anayetaka njia hii amtafute mtu kama huyo mapema, kabla hata ya kutafuta ada.

Leo ninaratibu timu ndogo: muuguzi, mchumi, na binti aliyesomea kilimo. Huyu wa kilimo alipokuja kuripoti mara ya kwanza aliniambia kwa wasiwasi, "Shikamoo dada, mimi mambo ya hospitali siyajui." Nilimpa dodoso letu la Ubaruku, kulekule Mbarali, alisome. Swali la 4 linasema: usiku wa jana, mtoto alilala wapi?

Akachukua kalamu, akaongeza pembeni: na shamba lina maji kwa sasa?