Akaamuru Apewe Chakula

Somo: Marko 5:21-43

Wapendwa katika Bwana, wiki hii naomba tuisome habari ya Yairo kama watu waliowahi kusubiri kwenye idara ya dharura. Baba ameanguka miguuni pa Yesu. Binti yake wa miaka 12 yu mahututi. Wako njiani, na ghafla Yesu anasimama kuuliza ni nani aliyemgusa.

Kila nifikapo hapo namhurumia Yairo. Mwanamke aliyeligusa vazi la Yesu ili apone alikuwa ametokwa damu miaka 12; je, asingeweza kungoja kidogo? Muuguzi wa dharura angemwelewa baba huyu, maana kazi yake ndiyo hiyo: kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, si kwa aliyetangulia kufika. Anayeshindwa kupumua huingia kwanza, aliyeteguka mguu hukaa kwenye benchi, na ni haki iwe hivyo.

Lakini damu ya mwanamke yule ilikuwa imekwisha kukauka kabla Yesu hajasema neno. Alisimama ili amsikilize mpaka amalize kueleza yote, kisha akamwita Binti. Kwa sheria ya Walawi 15 alikuwa najisi, mali yake yote imekwishia kwa matabibu, naye anaitwa hivyo mbele ya umati mzima!

Hapo ndipo ninapowaona wauguzi wenye huruma. Muda hawana. Huruma yao imo ndani ya kazi ileile: kumwambia mgonjwa "nakuchoma sasa, vumilia kidogo" kabla sindano haijaingia, kuvuta pazia kabla ya kumvua nguo, kumwita kwa jina lake, si "yule wa kitanda cha pembeni". Na kumrudia yule wa benchi: "Sijakusahau, kuna mgonjwa tunamhangaikia." Haichukui hata nusu dakika. Aliyewahi kukaa pale na maumivu yake, haambiwi chochote, anajua neno hilo linavyotuliza.

Kisha Yesu akafika kwa Yairo, binti akiwa amekwisha kufa. Akawatoa nje waliokuwa wakilia na kupiga kelele, wakabaki wazazi na wanafunzi watatu. Akamshika mtoto mkono. Alipoinuka na wote wakipigwa na mshangao, Yesu akaamuru apewe chakula. Mstari huo wa 43 sijausikia sana mahubirini, nami ndio naupenda kuliko yote. Muujiza umekwisha tendeka, naye anakumbuka kwamba mtoto ana njaa. Vivyo hivyo, presha ikishatulia na daktari akahamia kwa mwingine, mara nyingi ni muuguzi anayeuliza: umekula? Nani amekuleta? Watoto umewaacha na nani?

Tuwakumbuke pia kwa mzigo wao. Muuguzi aweza kumfumba macho marehemu, akanawa mikono, na papo hapo akatakiwa kumkaribisha mgonjwa mwingine kwa uso mwema. Nasi ndugu wa mgonjwa, kwa hofu yetu, humfokea huyohuyo.

Tuombe: Bwana Yesu, tunawaleta kwako wauguzi walio zamu usiku huu. Watie nguvu miguuni na upole midomoni. Waliofiwa na mgonjwa leo, wape mtu wa kukaa nao. Nasi tutakaofika mlangoni kwao tumebeba wapendwa wetu, tupe subira na neno la shukrani. Amina.