Mpira wa levo na kabureta za mjomba

Mjomba alikuwa na BMW R80/7 ya mwaka 1978. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake wa kazi Tanga akarudi kwao. Silinda zake mbili zimelala, moja kushoto, moja kulia, na kila moja ina kabureta yake ya Bing na waya wake wa mafuta unaotoka kwenye mkono wa usukani, ule unaozungushwa kuongeza mwendo. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kabureta mbili zisipokwenda pamoja, silinda moja hufanya kazi na nyingine huburutwa. Ukiikimbiza barabara ya Pangani haikuwa na neno, ila mjini, kwenye mwendo wa pole, ilitetemeka mpaka vioo vya pembeni havionyeshi kitu.

Fundi wake alitumia sikio. Alichomoa waya wa plagi ya kushoto, akaugusisha kwenye chuma, akasikiliza upande wa kulia ukiunguruma peke yake, kisha akabadilisha. Wazee wengi wametengeneza pikipiki za namna hii hivyo hivyo, wala siidharau njia yenyewe. Lakini inakuonyesha injini ikiunguruma taratibu bila kuongezwa mafuta, basi. Pikipiki ilirudi imetulia, baada ya siku chache ikaanza tena, na mjomba akatoa pesa tena.

Nikamwambia aniachie Jumamosi moja. Niliazima kwa fundi ujenzi wa jirani ule mpira mweupe wanaopimia levo, nikaufunga kwenye ubao mrefu kwa umbo la U, nikamimina ndani oili ya injini za boti. Nilichagua oili hiyo makusudi: injini ikiinywa kwa bahati mbaya, itaungua itoke moshi tu. Maji nisingethubutu. Kila ncha nikaiunganisha kwenye kitundu kidogo cha kabureta, upande wa injini, na ndani ya mpira nikasokomeza jeti kuukuu, kile kipande kidogo cha kabureta chenye tundu jembamba, ili oili isirukeruke kwa kila pigo la pistoni.

"Sasa mwanangu, unajenga nini?" mjomba akaniuliza.

Kwanza nilipima tapeti, yaani uwazi wa vali, injini ikiwa ya baridi, 0.10 mm kwa vali za kuingiza na 0.20 kwa za kutoa, kisha platini zinazokatisha umeme wa plagi. Hayo yasipokaa sawa, kugusa kabureta ni kujichosha bure. Tukaiwasha mpaka ikapata moto, halafu nikaleta feni ya sebuleni nikaiweka mbele yake, mkaza mjomba akinung'unika mlangoni. Injini hii inapozwa na upepo wa safari. Ukiiwasha imesimama uani muda mrefu bila feni, unaikaanga.

Oili ikapanda upande wa kulia. Upande unaovuta zaidi ndio uliozibwa zaidi, kwa hiyo nikafungua kidogo kwa skrubu ya kulia, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka pande zote zikalingana. Ilitulia vizuri mno. Mjomba alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya kanzu ili aijaribu.

Akausukuma usukani kushoto apate nafasi ya kupita. Oili ya kulia ikashuka, ya kushoto ikapanda karibu shibiri nzima, na mlio ukabadilika. Akaurudisha katikati, oili nayo ikarudi. Tukatazamana.

"Rudia," nikamwambia, nikasahau hata heshima.

Akarudia. Usukani ukienda kushoto, kabureta ya kulia inafunguka yenyewe, na hakuna aliyegusa mkono wa mafuta. Nikazima injini, nikafunga mafuta, nikalegeza tangi na kuliinua. Ganda la waya wa kulia lilikuwa limebanwa kati ya tangi na fremu, limebonyea bapa, waya wa ndani unakwaruza. Kila tangi lilipoondolewa na kurudishwa, lilikaa tofauti kidogo, na kila mara waya ulibanwa kivyake. Zile skrubu zilizogeuzwa miaka yote hazikuwa na kosa lolote.

Fundi baiskeli wa mtaani alitukatia ganda jipya na waya wa breki, akachomea kichwa cha risasi kinachoingia kwenye mkono. Tuliupitisha mbali na tangi. Nikaacha ulegevu wa kama milimita moja kila upande, nikapandisha injini mpaka karibu mizunguko 2,000 kwa dakika, na safari hii nikalinganisha kwa kurekebisha nyaya, skrubu nikaziacha. Usukani ukapelekwa kulia, ukapelekwa kushoto. Oili haikujali.

Mjomba akaenda zake mpaka Raskazone na kurudi, amevaa miwani ya jua, hasemi kitu, anacheka tu. Mpira wa levo haukufaa tena kwa maji, umelowa oili ndani kote, ikabidi tumnunulie fundi ujenzi mpira mwingine.