Mimba zabibu yenye mtoto hai: kondo ni moja au mawili?

Wengi wakisikia mimba zabibu, yaani mimba ambayo kondo (la nyuma) limegeuka vifuko vya maji kama zabibu, wanajua hakuna mtoto, mama anasafishwa kizazi yaishe. Kwa kawaida ndivyo ilivyo. Ila ipo hali adimu, inayokadiriwa kutokea mara 1 katika mimba 20,000 hadi 100,000, ambapo mayai mawili yamerutubishwa: moja likawa mtoto mwenye kondo lake, la pili, ambalo halikuwa na vinasaba vya mama, likawa vifuko vya maji vitupu.

Kosa linaanzia kwenye ripoti ya ultrasaundi. Mpimaji anaona vifuko, anaona mtoto, anaandika "mimba zabibu nusu". Hiyo ni habari nyingine kabisa: yai moja limeingiwa na mbegu mbili, mtoto ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 69 badala ya 46, na hawezi kuishi.

Kwa hiyo fuata kitovu. Kwenye mapacha wa aina hii, kamba ya kitovu inaishia kwenye kondo safi, na vifuko vimekaa pembeni peke yake. Kwenye mimba zabibu nusu, vifuko vimetapakaa ndani ya kondo lilelile la mtoto, naye mara nyingi amedumaa. Shaka ikibaki, huvutwa maji ya chupa, yanayomzunguka mtoto, kwa sindano, kromosomu zihesabiwe. Kuitoa mimba kabla ya jibu hilo ni haraka isiyo na sababu, isipokuwa mama anavuja damu sana au presha imepanda vibaya.

Akitaka kuendelea, aambiwe ukweli. Katika utafiti wa Uingereza wa 2002, kati ya wanawake 53 walioendelea, 20 walijifungua watoto hai. Uwezekano wa tishu za mimba zabibu kubaki na kuendelea kukua mwilini baadaye ulikaribiana na wa waliotoa mapema. Hatari iko njiani: kuvuja damu, presha ya mimba hata kabla ya wiki ya 20, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, uchungu kabla ya wakati. Kila hudhurio apimwe presha, protini kwenye mkojo na wingi wa damu, na ajifungulie penye damu ya kuongezewa.

Baada ya kujifungua, kondo lote liende maabara. Homoni ya mimba, hCG, ipimwe kila wiki hadi majibu matatu mfululizo yawe ya kawaida, kisha kila mwezi, kwa kawaida miezi 6. Muda huo atumie uzazi wa mpango, maana mimba mpya nayo hupandisha hCG. Ikigoma kushuka au ikipanda, apigwe eksirei ya kifua kuona kama ugonjwa umefika mapafuni. Dawa za saratani kama methotreksati huponya walio wengi.